Siku nilipoiuliza keneli mimi ni nani

Kipindi hicho ndo naanza kazi kwenye ofisi moja Mwanza, seva yetu ilikuwa ya Linux na kulikuwa na programu ya bekapu ambayo mtu wa zamu alitakiwa aiendeshe jioni bila kupewa paswedi ya root, yule yuza mkuu mwenye ruhusa zote. Faili lake ni la root na lina ile s ya setuid, alama inayofanya programu iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili, ukipiga ls -l (amri ya kuonyesha mafaili na ruhusa zake) unaiona kabisa, lakini kila akiiendesha inagoma, inasema lazima uwe root. Watu wakaanza kusema basi apewe tu paswedi yaishe, mimi sikutaka kabisa, paswedi ya root ikishazunguka ofisini hairudi.

Kaka mmoja mzoefu akaniambia, "Mdogo wangu, usibishane na watu, iulize keneli." Keneli ndo ule moyo wa Linux unaoamua nani anaruhusiwa nini. Nikaandika kiprogramu cha C, mistari michache tu, kinaita getuid na geteuid zinazotoa namba za yuza, na getgid na getegid zinazotoa namba za kundi, halafu kinachapa majibu. Nazipenda sana hizo, hazitaki upeleke kitu chochote na hazifeli. Zikaja 1000 zote nne, namba yangu na ya kundi langu. Kaka akaingia kama root, akapiga kwenye kiprogramu changu chown kwanza (kulifanya faili liwe la root) ndo chmod u+s (kuiweka ile s), maana ukitanguliza chmod, chown inaifuta ile s. Nikaendesha tena: 1000, 0, 1000, 1000, na 0 ndo namba ya root.

Aisee. Kumbe prosesi moja, yaani programu ikiwa inaendeshwa, inabeba watu wawili kwa pamoja, yule aliyeiita (getuid) na yule ambaye inatumia nguvu zake (geteuid), kama karani aliyekabidhiwa mhuri wa bosi. Ndo maana yuza wa kawaida akiita programu ya passwd, ambayo nayo ni ya root na ina s, anabadilisha paswedi yake ndani ya /etc/shadow, faili ambalo mwenyewe hata kulisoma haruhusiwi!

Tukafungua kodi ya bekapu na tatizo hilo hapo: if (getuid() != 0). Yaani inamkagua aliyeita, wakati keneli yenyewe ikipima ruhusa za faili inaangalia ile namba ya pili. Tukaweka geteuid, tukakompaili, tukairudishia root na s yake kwa sababu faili jipya linatoka bila hivyo vitu, mtu wa zamu akaendesha na bekapu ikapita. Nikapiga ls -l kwenye faili lililotoka: mwenye faili root, kundi la mtu wa zamu, vilevile kama zile namba nne zilivyosema, maana upande wa kundi hatukuugusa.