Jumamosi yangu na wauguzi wanaojiandaa kwa IELTS

Saa 11:30 alfajiri

Jumamosi ndiyo siku yangu ndefu kuliko zote. Ninafundisha darasa la matayarisho ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, hapa Mombasa, na wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi wanaotafuta usajili wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza. Wengine hutoka zamu ya usiku wakaja darasani moja kwa moja, macho mekundu, kwa hivyo sipendi wafike kisha wanisubiri. Kabla sijavuka kwa feri ya Likoni nimeshapanga karatasi za majibu na kuijaribu spika.

Saa 2:00 asubuhi

Leo kuna wageni, basi naanza na jambo ninaloliamini kabisa. Hawa ni watu walioandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza miaka na miaka. Lugha wanayo. Ambacho hawajaambiwa ni mtihani unataka nini, kwa dakika ngapi, na kwa namna gani. Inaniuma sana kumwona mtu aliyekesha leba akizalisha kina mama akijiona hana akili, kumbe hakuna aliyewahi kukaa naye akamfafanulia karatasi.

Naandika ubaoni. Kusikiliza, kama nusu saa. Kusoma, saa nzima. Kuandika, saa nzima. Hizo tatu hufuatana bila mapumziko. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini, na huenda kukapangwa siku nyingine. Alama huanzia 0 hadi 9, na nusu zimo. NMC inataka 7 katika Kusikiliza, Kusoma na Kuzungumza, na 6.5 katika Kuandika, tena iwe IELTS ya Academic, yaani ile ya kitaaluma.

Kijana mmoja anasema yeye anaomba makazi ya kudumu Kanada. Namwambia huko atahitaji General Training, aina ya pili ya IELTS. Atasoma nasi, ila Kusoma na Kuandika kwake kutakuwa tofauti.

Saa 3:00

Kusikiliza kuna maswali 40 katika sehemu nne, na rekodi husikika mara moja tu. Sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya kawaida, mathalani mtu anapiga simu kuulizia nyumba ya kupanga. Msemaji hutaja Jumanne, halafu akajirekebisha: la, iwe Alhamisi. Aliyekimbilia kuandika Jumanne ameikosa. Ya nne ni mhadhara usiokatizwa katikati, na hapo wengi huchoka.

Tahajia nayo huhesabiwa. Ukiandika accommodation kwa m moja, alama imekwenda hata kama ulisikia sawasawa. Na maagizo yakisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa. Kwa upande mwingine, jibu la kosa halikupunguzii kitu, kwa hivyo hapa darasani ni mwiko kuacha nafasi wazi. Wanaotumia karatasi hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu; wa kompyuta wana dakika 2 tu za kukagua.

Saa 5:00

Hapa ndipo wauguzi wangu huumia: Kusoma. Makala tatu ndefu, maswali 40, dakika 60, na hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Kuna swali linalokutaka useme kauli fulani ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Leo makala ya mazoezi inasema dawa fulani ilijaribiwa kwa watu wazima. Kauli inasema dawa hiyo ni hatari kwa watoto. Sista mmoja, mwenye miaka mingi wodi ya watoto, anajibu kwa uhakika: kweli.

"Mwalimu, dawa ambayo haijajaribiwa kwa watoto huwezi kumpa mtoto."

"Wodini uko sawa, mama. Nionyeshe mstari uliosema hivyo hapa."

Anatafuta. Hakuna. Basi haikutajwa. Ingekuwa si kweli kama makala ingesema dawa hiyo ni salama kwa watoto. Tunalirudia jambo hili kwa kauli nyingine na nyingine hadi naona vichwa vinaitikia. Ujuzi wao wa kazi ndio unaowaponza katika swali hili, nami nataka wauheshimu ujuzi huo huku wakiuweka kando kwa saa moja.

Saa 7:00 mchana

Swala, kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Waliokesha wanalaza vichwa mezani kidogo.

Saa 8:00

Kuandika. Kazi ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchakato kwa maneno yasiyopungua 150, na maoni yako hayatakiwi. Ya pili ni insha isiyopungua maneno 250, nayo ina uzito maradufu, kwa hivyo dakika 40 ziende huko na 20 kwa ya kwanza.

Mtu ananionyesha insha aliyouziwa kwenye simu ili aikariri. Namwomba asiiguse. Watahini wamefunzwa kuzitambua, na mojawapo ya vipimo vinne vyao ni kama umelijibu swali lililoulizwa. Wanaowauzia watu hawa matumaini ya namna hiyo wanawadhulumu, tena ada ya mtihani si pesa ndogo.

Saa 10:00 jioni

Kuzungumza, mmoja mmoja. Sisi wa pwani tumelelewa kumjibu mkubwa kwa kifupi na kutomkodolea macho. Mtahini akiuliza kama unapenda mji wako, binti wa watu anajibu, "Ndiyo, naupenda," kisha ananyamaza kwa heshima. Adabu hiyo ni nzuri, lakini mtahini hawezi kukupa alama kwa maneno ambayo hakuyasikia. Nawazoesha kuongeza sababu na mfano. Katika sehemu ya pili unapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha unasema hadi dakika mbili. Mtahini akikukata kauli hajakasirika. Muda wake umekwisha, naye amefungwa na ratiba kama wewe.

Leo yule Sista wa wodi ya watoto amezungumza dakika mbili kamili kuhusu bibi yake wa Kwale. Darasa zima limempigia makofi.

Saa 2:30 usiku

Nyumbani, ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa zamani: Kusikiliza 7.5, Kusoma 6.5, Kuandika 6.5, Kuzungumza 7. Jumla imesomeka 7, naye anauliza mbona wamemkataa. Wastani ni 6.875, ukapandishwa hadi 7, ila NMC hutazama kila sehemu, na Kusoma kumepungua nusu.

Nampigia badala ya kuandika, maana sauti yake nataka niisikie. Namweleza kwamba NMC hukubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi katika kila mtihani hakuna sehemu iliyo chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu alama. Safari ijayo akipata 7 katika Kusoma na asishuke chini ya 6.5 katika Kusikiliza na Kuzungumza, wala chini ya 6 katika Kuandika, atakuwa amemaliza. Amekaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Jumanne jioni nina nafasi. Ninayo.