Siku nane za kusubiri mapazia

Nimekwenda China mara kumi na moja, na ungeniuliza ikoje ningekueleza habari za maghala. Guangzhou yangu mimi ilikuwa inaanzia mtaa wa Xiaobei, kwenye hoteli ambako saa sita usiku unasikia Kilingala ukumbini na Kiswahili kwenye lifti, inapita Sanyuanli, inaishia kwa ajenti anayepima mzigo kwa CBM, yaani mita za ujazo, huku akinung'unika. Mara mbili nilifika Yiwu, mji wa masoko ya jumla, mara moja Foshan kuangalia vigae. Ule mnara wa Canton, jina la zamani la Guangzhou, wenye mita 600 nimeuona kwenye dirisha la teksi tu, nikiwa na sampuli magotini. Mume wangu aliwahi kuniuliza Ukuta Mkuu wa China ukoje, nikamwambia sijui, labda una mlango.

Safari ya kumi na mbili ilikuwa Novemba, maonyesho ya biashara ya Canton yameshafungwa na hoteli zimerudisha bei zake. Kiwanda cha mapazia kikasema oda yangu itachukua siku kumi. Siku kama hizo huwa nazimaliza kwa kulala, kula ugali wa bei mbaya na kuhesabu hela ambayo tayari najua haitoshi. Safari hii nikasema hapana. Nikatoa siku moja ya kwenda na siku moja ya kurudi kiwandani kukagua, zikabaki nane.

Nina mtoto wa kaka yangu anayesoma udaktari Xi'an. Nikamwandikia orodha: Beijing, Shanghai, Xi'an, Chengdu nikaone wale dubu weusi kwa weupe, Guilin kwa ajili ya milima, Lhasa, halafu Urumqi kwa sababu kuna mfanyabiashara aliniambia zabibu kavu za huko hazina mfano. Miji saba kwa siku nane, nikaona nimebakiza na siku ya kupumzika. Baada ya saa moja akanitumia ujumbe wa sauti.

"Shikamoo shangazi. Ratiba nimeiona. Lakini shangazi, hii si ratiba, huu ni ugomvi na ramani."

Akanipigia, tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Akaniambia nichukue Tanzania niizidishe mara kumi, ndiyo ukubwa wa China. Guangzhou kwenda Urumqi, hata ukipaa kama kunguru, ni zaidi ya kilomita 3,000, na ajabu yake nchi yote inatumia saa moja, ya Beijing, kwa hiyo huko magharibi watu wanakunywa chai ya asubuhi gizani. Lhasa inataka kibali cha peke yake, na hakipatikani ila kupitia wakala wa utalii. Chengdu na Guilin zinafikika, ila kila mji unaoongeza unakula nusu siku ya kufika na nusu siku ya kuondoka. "Ukienda miji saba, utakuwa umeona stesheni saba." Shanghai niliipigania. Nikamwambia haiwezekani nirudi Dar bila picha ya Shanghai. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, maghorofa si umeyaona Guangzhou?" Nikaikata.

Ikabaki Xi'an na Beijing. Kwenye daftari langu la mzigo, chini ya bei za vitambaa, kuna ukurasa wenye majina matano yaliyopigwa mstari, na Urumqi imepigwa mistari miwili.

Tiketi za treni za kule zinafungwa na jina na namba ya pasipoti, na mauzo hufunguliwa siku kumi na tano kabla ya safari. Kijana alinikatia zote. Alinionya mambo matatu: nisikaribie wiki ya kwanza ya Oktoba wala kipindi cha mwaka mpya wao, maana Wachina wote huwa barabarani, nifike stesheni mapema, na nibebe koti. Mawili niliyasikia. La koti sikulisikia vizuri, kwa sababu Guangzhou ilikuwa joto na mimi nilikuwa na sweta.

Stesheni ya Guangzhou Kusini ni kiwanja cha ndege kisichokuwa na ndege. Mizigo inapita kwenye mashine, watu wanapanga foleni mlangoni, na mlango unafungwa treni ikiwa bado imesimama mbele yako. Wenyeji wanagusisha kitambulisho na kupita. Mimi na pasipoti yangu nikaelekezwa kwenye mlango wa pembeni wenye mtu, ambaye aliigeuza pasipoti pande zote mbili kabla ya kuiridhia.

Reli ile inakwenda hadi Beijing, kilomita 2,298, na ilianza kupitisha treni za mwendo kasi kwa urefu wake wote Desemba 2012. Ni kama utoke Dar uende Mwanza na kurudi, na wao wanafika kwa saa nane hivi. Mimi nilikuwa nakwenda Xi'an, kwa hiyo treni ilipanda kaskazini, ikavuka mto Yangtze pale Wuhan, kisha Zhengzhou ikakunja kushoto. Nilikaa dirishani. Namba juu ya mlango wa behewa ilikuwa inacheza kwenye 300 na kitu, lakini chai yangu haikutikisika. Nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akitusimulia Wachina waliojenga Tazara, kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na jinsi walivyokuwa wanalima mboga zao wenyewe kambini. Nimepanda Tazara kwenda Makambako nikiwa mdogo. Chai pale ilikuwa lazima uishike kwa mikono miwili.

Kila behewa lina bomba la maji ya moto, na ndilo mtaa wenyewe. Ikifika saa za chakula watu wanatoka na vikopo vyao vya tambi, wanajaza maji, wanarudi wakitembea polepole kama waliobeba mtoto. Mimi nilikuwa na kikopo kilichoandikwa qingzhen, neno lao la halali, ambalo kwa mfanyabiashara Mwislamu ni la kwanza kujifunza baada ya "ghali". Mama wa kiti cha jirani alinionyesha kwamba uma wa plastiki ndio unaobana kifuniko. Miaka yote hiyo nilikuwa nafunika na pasipoti.

Xi'an ilinipokea usiku kwa upepo ulioniingia mpaka kwenye mbavu. Kijana alikuwa ananingoja na koti mkononi, wala hakusema kitu.

Kesho yake tukaenda Lintong, nje ya mji, kwa wale askari wa udongo. Wakulima walikuwa wanachimba kisima mwaka 1974 wakakutana nao, jeshi zima lililozikwa kulinda kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China na kufa mwaka 210 kabla ya Kristo. Shimo la kwanza limeezekwa paa kama hanga la ndege, na ukisimama mlangoni unachoona ni vichwa, safu kwa safu, karibu vyote vinatazama mashariki. Watu wanasifu kwamba sura hazifanani. Ni kweli, lakini mimi ni mtu wa mzigo, nikavutwa na jambo jingine. Kijana alinisomea maelezo kwamba baadhi ya askari wana jina la msimamizi wa mafundi limechongwa au kupigwa muhuri mwilini, ili kazi ikiwa mbovu ajulikane wa kuulizwa. Nikacheka peke yangu. Kuna kiwanda Foshan ningependa kukipeleka pale.

Na kuna mmoja amewekwa ndani ya kioo peke yake, mpiga mishale aliyepiga goti. Kwa sababu amepiga goti, unyayo wa mguu wake wa nyuma unaonekana. Inama. Soli ya kiatu ina mishono, imedonolewa moja moja kwenye udongo, imebanana kisiginoni na kwenye vidole, imeachana katikati. Miaka zaidi ya 2,200, na fundi alikuwa anatengeneza kitu cha kuzikwa gizani ambacho hakuna mteja angekuja kukigeuza chini. Nilikaa pale hadi mlinzi akanisogeza kwa mkono wa upole.

Nje kuna maduka ya askari wadogo. Nikachukua mpiga mishale mmoja, nikamgeuza. Soli laini kama sabuni. Nikamwonyesha mama mwenye duka ule unyayo, nikaonyesha kidole kule makumbushoni, nikatikisa kichwa. Akaangua kicheko, akanipokonya kikokotoo akaandika bei nyingine. Nami nikakichukua, nikaandika idadi: 12. Kijana akaweka mkono usoni. "Shangazi, tumekuja kutalii."

Siku ya pili ilikuwa ya msikiti na chakula. Msikiti Mkuu wa Xi'an hauna kuba wala mnara tuliouzoea. Ni nyua moja baada ya nyingine, mapaa yamepinda pembe, miti, mabanda ya mbao, na ndani ya ukumbi wa sala kuta za mbao zimechongwa Kurani. Mzee mwenye kofia nyeupe alikuwa anafagia majani. Nikamtolea salamu alaykum, akaitikia yote mpaka mwisho, kisha tukabaki tunatabasamu maana hapo ndipo lugha yetu ya pamoja ilipoishia.

Mtaani hapo nje wanauza paomo. Unapewa bakuli na mkate mgumu mviringo, unaambiwa uumege mwenyewe. Nikamega kama ninavyomega chapati. Mama wa pale akaja, akatazama bakuli langu kama mama mkwe anavyotazama vitunguu vilivyokatwa na mkwewe, akachukua kipande akakigawa mara nne, kila kimoja saizi ya choroko au zaidi kidogo. Ilinichukua karibu nusu saa, vidole vikaniuma. Kisha bakuli linapelekwa jikoni, linarudi na supu ya kondoo, tambi nyembamba na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki. Nikaelewa. Vikiwa vikubwa, supu haiingii katikati.

Nikampenda yule mama, nikaupenda mji, nikafanya kosa. Nikamwambia kijana tuongeze siku moja Xi'an, nizunguke ukuta wa mji kwa baiskeli, kilomita 13.7 juu ya matofali. Akabadilisha tiketi ya treni. Baiskeli niliiendesha mpaka mapaja yakakataa. Lakini wote wawili tulisahau kwamba tiketi ya Kasri la Kifalme la Beijing ilikuwa ya Jumapili, kwa jina langu na pasipoti yangu, na Jumapili mimi nilikuwa kwenye treni nakula tambi.

Nikafika Beijing Jumapili jioni, mwenyewe, na hoteli ya kwanza niliyoiweka oda ikanikataa kaunta, eti hawana utaratibu wa wageni wa nje. Kwa mtu aliyeizoea Xiaobei hilo linauma. Nikavuta begi mitaa miwili kwenye baridi, nikapata nyingine. Kijana kwa simu akaniambia nikajaribu Kasri Jumatatu. Jumatatu linafungwa. Jumanne tiketi zimekwisha, maana idadi ya watu kwa siku ina kikomo na watu wanakata wiki nzima kabla.

Basi Jumatatu nikaenda Ukutani, sehemu ya Mutianyu, kama kilomita 70 kutoka mjini. Kuhusu Ukuta sina mengi, umeshauona kwenye kalenda na uko vile vile. Ambacho kalenda haisemi ni kwamba ngazi hazilingani, moja inafika kifundo cha mguu na inayofuata inafika goti, na kwamba milango ipo. Nikampigia picha mume wangu. Kushuka kuna vigari vya kuteleza kwenye mfereji wa chuma: ukisukuma mkono mbele kinakwenda, ukivuta kinasimama. Mimi nilivuta muda wote. Nyuma yangu ilijikusanya foleni ya vijana wakinipigia kelele ambazo nashukuru sikuzielewa.

Jumanne nikapanda Jingshan, kilima kilicho nyuma ya Kasri, kilichotokana na udongo uliochimbwa kwenye mfereji wa maji unaolizunguka. Kiingilio ni kidogo, na kutoka kileleni unaliona Kasri lote chini yako, mapaa ya njano yakifuatana mpaka macho yanachoka. Lilimalizika mwaka 1420, zama za mfalme Yongle, yule yule aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, na watu wa ikulu wakaamini ni mnyama wa heri wa hadithi zao, qilin. Nikawa nawaza mtu wa Malindi aliyefika naye, kama alipewa koti.

Nilikaa pale juu hadi jua likageuka. Kuingia ndani nisingeweza kuona umbo lile. Hivyo ndivyo nilivyojifariji, na sijabadili mawazo.

Treni ya kurudi Guangzhou ilichukua saa nane hivi, nililala sita. Mapazia yalikuwa tayari, isipokuwa rangi ya maziwa iliyokuwa imegeuka ya siagi, tukagombana, wakarudia. Askari wangu kumi na wawili nikawafunga mmoja mmoja ndani ya mapazia ya sebuleni, wakaingia kwenye kontena.

Wawili walifika Dar bila vichwa. Tisa nimewauza. Wa mwisho, yule niliyemgeuza unyayo, yuko kaunta dukani kwangu Kariakoo, amepiga goti karibu na mashine ya risiti. Wiki iliyopita mteja mmoja alimtazama sana, akaniuliza kama ndiye mwenye duka.