Siku yangu ya kutoa funksheni ndani ya funksheni

Saa mbili asubuhi. Chai mezani, majaribio ya jana yamepita yote. Kazi yangu ni kusafisha programu kongwe za lugha ya C zilizoegemea GCC, kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) inayoruhusu funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina, kuandikwa ndani ya nyingine. C yenyewe haina ruhusa hiyo, na Clang, kompaila ya kawaida ya macOS, huikataa papo hapo. Mteja anataka programu yake ijengwe pia kwenye macOS, hivyo za ndani zote zitoke.

Hadi saa tano natumia Coccinelle, zana iliyozaliwa Ufaransa kwa ajili ya kernel (kiini) ya Linux, inayobadilisha msimbo kwa kanuni. Naandika kanuni: kila mwito wa funksheni hii uongezewe pointa, yaani anwani ya data kwenye kumbukumbu. Inapita faili moja baada ya jingine bila kugusa maelezo ya waandishi wa zamani. Napenda sana kuitazama.

Saa sita, simu ya mteja.

"Dada, si kuna programu inayobadilisha yenyewe? Mbona siku nzima?"

"Ipo, kaka. Ila funksheni ya ndani husoma na kubadilisha vigeu vya ile ya nje. Nikizinakili tu thamani, kompaila haitalalamika, na majibu yatakuwa ya uongo."

Kwa hiyo vigeu hivyo navikusanya kwenye struct (fungu la vigeu) moja na kupitisha pointa yake. Akauliza tena, nikaeleza tena. Tukafika kwenye qsort, funksheni ya C ya kupanga orodha. Funksheni yake ya kulinganisha hupokea vitu viwili tu; ilipokuwa ndani ilijua mtumiaji amechagua safu gani, ikitoka haijui. "Basi tumia qsort_r," ile inayopokea pia data ya ziada. Ndiyo, lakini ya glibc (maktaba ya C ya Linux) na ya macOS zimepanga hoja, yaani vitu inavyopokea, kwa mfuatano tofauti! Akataka tuache kama ilivyo. Hapo nilikaza. Ukichukua anwani ya funksheni kama hiyo, GCC kwa kawaida huandika kijimsimbo kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni), na staki inalazimika kukubali kutekelezwa. Huo ni mlango kwa wavamizi, na sitauacha wazi kwenye kazi yangu.

Baada ya simu sikutazama saa tena. Niliandika funksheni ya kati kwa mifumo yote miwili, nikasoma kila badiliko mstari kwa mstari, hasa palipo na `i` ya nje na `i` ya ndani zisizohusiana. Shingo ilikakamaa, macho yakawasha. Giza lilikuwa limeingia Clang ilipojenga bila kosa. Kwenye Linux, readelf, zana ya kukagua programu iliyojengwa, ikaonyesha GNU_STACK (ruhusa za staki) ni RW, kusoma na kuandika tu; ile E ya kutekelezwa imeondoka. Watumiaji hawataona tofauti yoyote, na hiyo ndiyo fahari yangu.

Limebaki faili lenye goto, amri ya kuruka, inayoruka kutoka funksheni ya ndani hadi ya nje. Hilo nitaliandika upya kwa mkono kesho.