Maporomoko asubuhi, bahari alasiri

Anayetoka kisiwani Mombasa akitaka kuyaona maporomoko ya maji ya Sheldrick, yaliyo ndani ya hifadhi ya Shimba Hills huko Kwale, na kuoga baharini siku hiyohiyo, sharti aanze na mlima. Akianza na bahari ameshaikosa safari. Watoto wakishalowa chumvi na kushiba, hakuna atakayewapandisha Shimba Hills mchana wakakubali kutembea msituni. Ami yangu alilijua hilo vizuri, maana ameendesha gari njia ya Likoni hadi Lunga Lunga karibu maisha yake yote, na ndiye aliyeipanga Jumamosi ile ya mwezi wa nane. Nyumbani bado tunaiita "ile safari", na kila mtu hujua ni ipi.

Aliipanga kwa saa mbili tu: saa ya renja na saa ya maji. Renja wa Shirika la Wanyamapori huwateremsha wageni kwenye maporomoko saa nne asubuhi na saa nane mchana. Maji nayo yana ratiba yake. "Leo mwezi kumi na nne, kesho kumi na tano," alimwambia Nyanya usiku wa kuamkia safari. "Bamvua hiyo. Saa nne maji yamekupwa, saa kumi yamejaa."

Kwetu Mombasa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja hivyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku ipitayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo wakati ufuko ni mawe na majani matupu, sisi tungekuwa msituni; wakati maji yamefika juu, tungekuwa tumeshashuka. Lau tungengoja wiki moja zaidi, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yangegeuka: saa kumi ingetukuta maji yanakupwa, na watoto wangeoga kwenye maji ya magotini.

Mwezi wa nane wenyewe ulikuwa umechaguliwa. Masika yamekwisha, barabara za ndani ya hifadhi zimekauka, lakini mto bado una maji ya kuangusha. Januari na Februari bahari huwa shwari na kaskazi huvuma vizuri, ila maporomoko huwa yamekonda. Ukitaka yote mawili kwa siku moja, Julai na Agosti ndizo zinazofaa, ukubali tu kwamba upepo wa kusi utakuletea mwani ufukoni.

Gari lilikuwa Noah ya ami, na tulikuwa wanane: yeye, Nyanya, mamangu, shangazi, mimi na watoto watatu. Viti vimejaa, kwa hiyo upepo wa tairi za nyuma uliongezwa kidogo jioni ile, tairi zikiwa za baridi. Ukipima tairi iliyotoka kukimbia, kipimo husoma juu kuliko ukweli. Noah iko chini, na ikipakia watu wanane inakuwa chini zaidi. Hilo lilimhangaisha ami kuliko kitu chochote, kwa sababu ndani ya Shimba lami hakuna.

Chakula kilikuwa kazi ya Nyanya. Mamangu alitaka kubeba mbaazi za nazi za kulia mahamri; Nyanya akakataa kabisa. Tui ndani ya gari lililofungwa huchacha kabla ya adhuhuri, na mbaazi zilizochacha zinaweza kuangusha nyumba nzima. Badala yake tulibeba mahamri matupu, viazi vya karai, katlesi, mayai ya kuchemsha na ndizi, na ukwaju wa kuchovea katika chupa yake peke yake, ili viazi visilainike njiani. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu. Nyuma ya gari, dumu la lita 20 la maji ya bomba, la kuondolea chumvi jioni. Dumu hilo ndilo watu husahau, kisha wanarudi nyumbani ngozi inawawasha.

Tulifika kwenye feri kabla jua halijatoka. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu ilikuwa haijakamilika; leo mtu wa Miritini au Changamwe anaweza kupitia huko akatokea Kibundani bila kukanyaga Likoni. Sisi hatukuwa na hiari, ila asubuhi hakuna shida. Umati wa asubuhi ni wa watu wa ng'ambo wanaokuja kisiwani kazini, nawe unaenda kinyume chao. Ndani ya feri ami alizima injini, akaweka gia ya P, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akatutaka sote tushuke isipokuwa Nyanya, na yeye mwenyewe akabaki mguu juu ya breki. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sote tulikuwa tunaukumbuka msiba wa Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee na kuzama na mama na mwanawe.

Likoni, Ng'ombeni, Waa, zote zilipita upesi. Kombani ndipo unapokata kulia, na hapo safari inabadilika. Barabara inaanza kupanda, minazi inaanza kuachia nafasi miembe na mashamba, na kwenye vioo hewa inageuka baridi. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari, na mtu aliyetoka Mombasa analihisi hilo kifuani. Nyanya alijifunga leso ya pili.

Malipo ya hifadhi yalifanywa usiku, kwa simu. Langoni hawapokei pesa taslimu, na mtandao wa simu karibu na msitu ni wa kubahatisha. Nimeona watu wakizunguka na simu hewani huku saa nne ikiwapita. Mwananchi abebe kitambulisho, maana bila hicho hana cha kuonyesha kwamba anastahili bei ya mwananchi.

Kuna jambo jingine ami alilosema mapema, na wanawake wa nyumbani hawakulifurahia mpaka walipofika: hakuna buibui jeusi wala nguo ya buluu. Shimba ina mbung'o, na mbung'o hufuata rangi hizo mbili. Hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Mamangu na shangazi walivaa madira ya rangi ya mchanga na mitandio myeupe. Katika kundi lililokuwa mbele yetu kulikuwa na kijana wa suruali nyeusi na fulana ya buluu, na tulimwona akijipiga makofi mgongoni tangu mwanzo wa njia. Mbung'o huuma juu ya nguo, tena huuma kwa maumivu, na mafuta ya kuzuia mbu hayamshughulishi sana.

Ndani ya hifadhi ami alikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwenye udongo mwekundu kosa la madereva wengi ni kufuata mitaro iliyochimbwa na magari makubwa. Noah ikitumbukia humo, tumbo linakaa juu ya tuta la katikati na tairi zinazunguka bure. Yeye alipanda tairi moja juu ya tuta na nyingine ukingoni. Ni kwenye mwendo huo wa polepole ndipo Nyanya alipomwona palahala, swala mkubwa, kabla yetu sote. Alikuwa dume, mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, amesimama kwenye nyasi anatutazama. Shimba Hills ndiko pekee Kenya wanakopatikana. Majike yake yalikuwa nyuma, ya rangi ya kahawia, na mtoto mmoja akamuuliza Nyanya kama wale ni wanyama wengine. "Ni wake zake, mwanangu," Nyanya alimjibu. Alikaa na dirisha wazi mpaka walipoingia msituni, hakusema lolote tena.

Njia ya maporomoko inaanzia Elephant Hill, nayo ni kama kilomita 2. Nyanya alibaki garini na ami, kwa sababu ya magoti, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Njia nzima ya kwenda ni mteremko. Watu hushuka kwa furaha wakidhani ndiyo safari yenyewe, kumbe deni lote linalipwa wakati wa kurudi. Renja alitangulia na bunduki yake, akatuweka mstari mmoja, watoto katikati, akakataza kelele. Ndovu wa Shimba hupenda misitu minene, na unaweza kumpita ndovu kwa hatua chache usimwone. Renja husikiliza kuliko anavyotazama. Alituonyesha kinyesi kibichi na kusimama kidogo, kisha akatupungia mkono tuendelee.

Penye utelezi alitufundisha kushuka ubavuubavu, ukingo wa kiatu ukikata udongo, uzito ukiwa kwenye mguu wa juu. Shangazi alikuwa na fimbo, nayo ilimsaidia kuliko viatu. Ndara zisahauliwe. Mtoto mmoja alikuwa amevaa raba zilizokwisha nyayo, nami nilimshika mkono njia nzima.

Maporomoko unayasikia muda mrefu kabla ya kuyaona. Kisha miti inafunguka na maji yapo, yanashuka kwenye ukuta wa jiwe, na chini kuna kidimbwi. Yamepewa jina la David Sheldrick, aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Renja aliruhusu kuingia, kwa masharti mawili: tuvae viatu, kwa sababu mawe yana utando wa kijani usioonekana ukiwa umelowa, na tusisimame moja kwa moja chini ya maji yanapoanguka, kwani mto hubeba vijiti na kokoto kutoka juu na kushuka navyo. Tulisimama pembeni, pale mvuke wa maji unapofika. Mamangu alinawa uso, akarudia, akarudia tena. Alikuwa amekaa Mombasa miaka yote ile bila kujua kwamba kitu kama hiki kiko kilomita 30 na kitu kutoka mlangoni kwake, na alikuwa anakasirika kwa furaha: "Na hamkuniambia!"

Nusu saa inatosha hapo, kwa sababu kupanda kunakula muda mara mbili ya kushuka. Tulikuwa tunasimama kila kivuli, maji kidogokidogo, kipande cha ndizi. Anayekunywa chupa nzima kwa mkupuo kwenye mwinuko ule huishia na kichefuchefu.

Chakula tulikilia garini, vioo juu nusu. Nyani hawangoji kukaribishwa, na mfuko wa viazi vya karai wanaunusa kutoka mbali.

Kutoka Kwale kurudi Kombani ndipo palipo na hatari ya safari nzima, na si pale watu wanapoiogopa. Barabara ni lami nzuri, inakuvuta. Katikati ya mteremko tulikuta gari dogo limesimama ukingoni, familia imeshuka, moshi unatoka kwenye gurudumu la mbele. Dereva alikuwa ameshika chupa ya maji akiwa ameinama. Ami alipiga kelele akiwa bado anafunga mlango: "Usimwage, kaka! Usimwage!"

Breki zilikuwa zimepata moto kwa kukanyagwa tangu juu bila kuachiwa. Joto likizidi, pedi za breki hazishiki tena, na oili ya breki ikichemka inatoa mapovu. Mapovu hubonyea, basi mguu unazama na gari halisimami. Maji ya baridi juu ya disiki nyekundu kwa moto huipinda au kuipasua, na hapo breki zimekwisha kabisa. Dawa ni kungoja: breki ya mkono isivutwe, maana kama ni ya kushika pedi hizohizo za moto inaweza kung'ang'ana, weka gia, weka jiwe chini ya tairi, usiguse kitu. Ami alikaa naye karibu nusu saa mpaka mguu ulipopata kitu cha kukanyaga, kisha akamwambia amfuate nyuma. Sisi tulishuka kwenye gia ya 2, injini ikinguruma na kushika gari yenyewe. Breki aliikanyaga kwa nguvu mara moja kabla ya kila kona, kisha akaiachia ipoe.

Ukunda tulikata kushoto, na kwenye barabara ya ufuko wa Diani kushoto tena, mpaka mwisho. Hapo uko msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe na chokaa, chini ya mibuyu minene, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Bado unaswaliwa. Tulifika maji yakiwa karibu kujaa, kama alivyosema. Tuliswali Alasiri, kisha watoto wakaachiliwa.

Lakini si kila mahali. Ami alichora mstari mchangani kwa kisigino na kuwakataza kuvuka kuelekea mdomo wa mto. Siku ya bamvua maji mengi huingia mtoni, na yanapogeuka yote hutoka kwa pamoja kupitia mlango ule mmoja mwembamba. Mtu mzima anayejua kuogelea hawezi kushindana na mkondo huo. Upande wa pili, wazi baharini, mwamba wa nje huvunja mawimbi ya kusi, na maji yanakuwa ya kifuani, mwani ukielea juu yake. Waliogea huko, Nyanya akiwa amekaa mchangani miguu ndani ya maji. Saa kumi na moja kamili ami aliwatoa wote, ijapokuwa maji bado yalionekana yamejaa.

Dumu la maji liligawanywa kwa kopo, kopo mbili kila mtu, miguu mwisho. Feri ilitukalisha kwenye foleni mpaka usiku, watoto wamelala mmoja juu ya mwingine. Asubuhi yake ami aliosha gari akianzia chini: chumvi kwanza, kwa maji mengi, ndani ya matao ya tairi na kwenye bomba za breki, ndipo akashughulikia udongo mwekundu wa Shimba uliokuwa umeganda milangoni. Kisha akafungua magurudumu ya mbele akaangalia pedi.