Nilivyoacha kuijenga FreeBSD kila Ijumaa

Kwa mwaka mzima, kila Ijumaa wenzangu walipofunga ofisi mimi nilibaki na seva yetu ya barua pepe. Inaendeshwa na mfumo endeshi wa FreeBSD, tawi la STABLE (linalopokea mabadiliko kabla ya toleo rasmi kutoka), ambalo programu ya masasisho, freebsd-update, hailihudumii; ukitaka mabadiliko mapya unavuta msimbo chanzo kwa git, programu ya kutunza msimbo, na kuujenga mwenyewe, yaani kuugeuza kuwa programu zinazoendeshwa. Nilianza make buildworld, amri ya kujenga programu zote za mfumo, saa mbili usiku, na mashine yetu ya kori nne ilimaliza mnamo saa nane usiku. Muda mwingi huliwa na LLVM na Clang, kwa sababu kompaila, yaani programu hiyo inayogeuza msimbo, nayo hujengwa.

Nilipoanza kuyasoma mabadiliko yenyewe, niliona wiki nyingi yalihusu viendeshi vya vifaa nisivyokuwa navyo. Nikaacha. Tena nikaacha kupita kiasi, miezi minane. Siku niliyorudi, faili la UPDATING, lenye maonyo ya kusoma kabla ya kusasisha, lilikuwa refu, na katikati ya installworld, hatua ya kusakinisha kilichojengwa, umeme ukakatika. Umeme ukikatika wakati wa buildworld si neno, maana kazi yote inawekwa ndani ya folda ya pembeni, /usr/obj. Installworld ndiyo inayogusa mfumo ulio hai. Maktaba mpya zilichanganyika na programu za zamani, hata ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ikagoma. Nilikesha nikiurudisha mfumo kwa flashi.

Sasa naongozwa na matangazo ya usalama ya FreeBSD. Kila likitoka najiuliza: kilichoguswa kipo kwenye mashine yangu, na mtu wa nje anaweza kukifikia? Tarehe 1 Julai 2024 ilipotangazwa dosari ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, yenye namba CVE-2024-6387, sikungoja. Niliweka LoginGraceTime, muda anaopewa mtu kukamilisha kuingia, kuwa 0 (bila kikomo) kama kinga ya muda, ingawa hilo humpa mtu mwanya wa kujaza miunganisho yote, kisha nikajenga usiku uleule. Tangazo la Wi-Fi linangoja, kwani seva yetu inatumia waya. Lakini hata kukiwa kimya sipitishi miezi miwili. Sitaki tena kusoma UPDATING ya miezi minane kwa mkupuo.

Kujenga nafanya hata mchana, kwa nice, amri inayoipa kazi kipaumbele cha chini, watu wakiendelea na kazi zao. Kusakinisha ndiko nakokupangia usiku, betri ya akiba ikiwa imejaa. Diski zetu ni za ZFS, mfumo wa mafaili unaoweza kuhifadhi hali ya diski ilivyo, hivyo kwanza natunza mfumo ulivyo kwa amri ya bectl create, kama mazingira ninayoweza kuyarudia. Halafu installkernel, ya kusakinisha kerneli (kiini cha mfumo), nawasha upya, ndipo nafanya installworld: kerneli mpya kwa kawaida huendesha programu za zamani, ila kerneli ya zamani inaweza kushindwa na programu mpya.

Mwezi uliopita kerneli mpya haikuitambua kadi ya mtandao. Nilichagua mazingira ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, nikarudi nyumbani kulala. Asubuhi wenzangu walifungua barua pepe zao kama kawaida.