Jinsi nilivyoifanya programu ya Fortran iseme imesimama saraka gani

Programu niliyorithi hukokotoa wastani wa usawa wa maji ya Ziwa Tanganyika kwa kila mwezi, kutokana na vipimo vya kila siku. Aliiandika mzee mmoja mstaafu anayeishi Ujiji, na hesabu zake sina neno nazo. Maji yamepanda miaka ya karibuni mpaka yameingia kwenye makazi ya mwambao hapa Kigoma, kwa hiyo takwimu hizi zinaulizwa sana, na nikaona bora programu ijiendeshe yenyewe usiku kwa cron, kipanga-ratiba cha Linux na Unix, badala ya mtu kukaa kuibofya.

Ikagoma. Mchana nikiiendesha kwa mkono, safi kabisa. Usiku, kwenye logi kuna mstari mmoja tu: End of file.

Dalili niliipata nje kabisa ya folda ya data. Kwenye saraka (folda) yangu ya nyumbani kulikuwa na faili iitwayo usawa.dat, ukubwa wake baiti sifuri. Hapo mambo yakajieleza. Cron huanzisha kazi ikiwa kwenye saraka ya nyumbani ya mtumiaji, na programu ilikuwa inafungua faili kwa jina tupu, bila njia kamili. Jina tupu hutafutwa pale mchakato, yaani programu ikiwa inaendeshwa, uliposimama, si pale programu ilipohifadhiwa. Na kwa kuwa amri ya open haikuwekewa status='old' (yaani faili lazima iwepo tayari), Fortran ilipoikosa faili haikulalamika, iliunda mpya, tupu, kisha ikajaribu kuisoma. Unalaumu data kumbe data haijaguswa.

Kurekebisha cron ni kazi ya dakika: unatanguliza cd ya kwenda kwenye folda husika. Lakini nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka programu yenyewe, kila inapoanza, iandike kwenye logi imesimama wapi, ili anayeipokea baada yangu asianze kuwinda faili tupu.

Sasa hapo ndipo Fortran inapokuchekesha. Lugha hii ilitolewa na IBM mwaka 1957, ina kila aina ya hesabu unayoitaka, lakini kiwango chake rasmi hakina amri ya kuuliza saraka ya kazi, yaani ile programu iliposimama. Kuna get_command_argument(0), ila hiyo inakupa jina ambalo programu iliitwa nalo, jambo tofauti kabisa.

Anayetumia gfortran, kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya Fortran ya mradi wa GNU, ana njia ya mkato: call getcwd(njia), basi. Nilipomwonyesha mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, usiniletee kitu cha kompaila moja. Mimi nimeshaachwa na kompaila." Nami nilikuwa nakompaili kwa -std=f2018, swichi ya kufuata kiwango cha Fortran 2018 tu, maana napenda kompaila inikemee mapema. Ukiweka swichi hiyo, nyongeza za GNU zinafichwa, getcwd inachukuliwa kuwa subrutini yako mwenyewe, na linka, inayounganisha vipande vya programu, inakurudishia undefined reference to `getcwd_'. Intel nao wanayo ya kwao, ila ni funksheni na lazima uandike use ifport. Mzee alikuwa na hoja.

Wengi hukimbilia get_environment_variable kusoma PWD, kigezo ambamo sheli (programu inayopokea amri kwenye terminali) huandika saraka iliyopo. Ni amri halali ya kiwango tangu Fortran 2003, na ukijaribu kwenye terminali inajibu vizuri. Mimi siiamini. PWD ni maneno ya sheli, mchakato wenyewe haujaulizwa. Ni sawa na kumpigia bodaboda akwambie "nimeshafika Gungu" huku bado anakunywa chai Mwandiga. Nilihakikisha hivi: nikaandika skripti fupi ya Python inayoiita programu kwa subprocess, nikaipa cwd ya folda ya data. PWD ikataja saraka niliyoanzishia Python. Programu yenyewe ilikuwa imesimama kwingine na faili ilisomwa vizuri. Yaani logi ingedanganya siku ile ile unayoihitaji.

Anayejua kweli ni mfumo endeshi, na mlango wa kuufikia ni C. Tangu Fortran 2003 kuna iso_c_binding, moduli ya kuita C kutoka Fortran, ambayo ni sehemu ya kiwango, kwa hiyo hata mzee hakuwa na la kupinga. Nikaandika hii:

```
function nilipo() result(njia)
  use, intrinsic :: iso_c_binding
  implicit none
  character(len=:), allocatable :: njia
  character(kind=c_char) :: chombo(4096)
  type(c_ptr) :: jibu
  integer :: i
  interface
    function c_getcwd(b, n) bind(c, name="getcwd") result(r)
      import :: c_ptr, c_char, c_size_t
      character(kind=c_char), intent(out) :: b(*)
      integer(c_size_t), value :: n
      type(c_ptr) :: r
    end function
  end interface
  njia = ''
  jibu = c_getcwd(chombo, int(size(chombo), c_size_t))
  if (.not. c_associated(jibu)) return
  do i = 1, size(chombo)
    if (chombo(i) == c_null_char) exit
    njia = njia // chombo(i)
  end do
end function
```

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni ile luupu ya mwisho. Maandishi ya C yanaishia kwenye herufi ya sifuri, ya Fortran yana urefu uliotangazwa na hujazwa nafasi tupu hadi mwisho. Usipokata pale kwenye c_null_char, unabeba takataka yote iliyobaki kwenye chombo, na ukiunganisha na jina la faili, faili haipatikani hata kama jina linaonekana sahihi kwenye skrini. Neno value kwenye n nalo usilisahau: bila hilo Fortran inapeleka anwani ya namba badala ya namba yenyewe.

Ikishindikana, getcwd hurudisha kiashiria kitupu, ndiyo maana kuna c_associated. Inatokea kwa mfano folda ikifutwa huku programu bado imo ndani, au njia ikizidi ukubwa wa chombo. Mimi narudisha tungo tupu, na programu kuu ikiiona inaandika "saraka haijulikani" na kuendelea.

Jambo moja linaloshangaza watu: ukiingia kupitia kiungo, kwa mfano folda ya mkato inayoelekea diski nyingine, jibu la getcwd ni njia halisi ya diski, si ile uliyoiandika. Usidhani programu imepotea.

Mzee aliisoma yote kwenye laptop yangu, akaomba kitu kimoja tu: status='old' kwenye kila faili inayosomwa, pamoja na iostat na iomsg (namba na maelezo ya kosa), na ujumbe wa kosa utaje saraka kwanza kisha jina la faili. Nimeweka. Kwa wa Windows, jina ndani ya bind ni _getcwd, na n inakuwa c_int badala ya c_size_t. Na ukitaka programu ihame saraka yenyewe, chdir ya C inaunganishwa kwa mtindo huu huu, ila safari hii sifuri ya mwisho unaiweka wewe: trim(njia)//c_null_char.