Lutu Alipoachiwa Kuchagua

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili lote nimekuwa nikisumbuliwa na jambo ambalo kwa macho ya watu si tatizo hata kidogo. Baba yetu alipolala aliacha kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye vipande viwili: kile cha juu, kinachopakana na barabara, ambako mfereji unapita na migomba haikauki hata Januari, na kile cha chini, chenye mawe na mteremko mkali, ambako mibuni imezeeka bila kupogolewa. Kikao cha ukoo kinakaribia, na wadogo zangu wamekwisha kuniambia kwamba mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, nitangulie kuchagua, nao watapokea kitakachobaki. Sheria hainizuii, mila hainizuii, na wazee wameridhia. Nimeona kwamba ruhusa hiyo imeninyima usingizi kuliko ambavyo ugomvi ungeninyima, maana mtu anayegombana ana wa kumlaumu, bali aliyeachiwa achague hana.

Ndiyo maana nimerudi kwenye Mwanzo 13, sura tunayoijua sote tangu shule ya Jumapili. Mali za Abramu na Lutu zimekuwa nyingi hata nchi haiwatoshi, wachungaji wao wanagombana, na Abramu, ambaye ndiye mkubwa na ndiye aliyepewa ahadi, anamwambia mtoto wa ndugu yake: “Ukienda upande wa kushoto, nitakwenda upande wa kuume, ukienda upande wa kuume, nitakwenda upande wa kushoto.” Lutu alikuwa yatima, baba yake, Harani, alifariki huko Uru wa Wakaldayo, naye alisafiri katika msafara wa Abramu. Kwa adabu ya kwetu, kijana wa namna hiyo angetazama chini na kusema, “Baba, chagua wewe kwanza.” Nimelitafuta neno hilo katika sura nzima na sikuliona. Aliinua macho, akaona bonde lote la Yordani lenye maji kama bustani ya Bwana, akajichagulia lote.

Naomba tuwe waangalifu hapa, kwa sababu ni rahisi kumhukumu Lutu kwa dhambi ambayo hakuitenda siku ile. Kuchagua malisho mazuri si dhambi. Hakuiba wala hakudanganya, na aliyempa nafasi ya kuchagua ni mwenye haki ya kuitoa. Sisi tuliolelewa katika mafundisho ya Kilutheri tunayo mafundisho ya wazi juu ya jambo hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 18, linakiri kwamba mwanadamu anao uhuru wa kiasi fulani katika mambo yaliyo chini ya akili yake, na mifano inayotajwa pale ni ya nyumbani kabisa: kulima shamba, kula na kunywa, kuwa na rafiki, kujenga nyumba, kuoa, kufuga. Lakini ungamo hilohilo linasema kwamba bila Roho Mtakatifu uhuru huo hauwezi kuizaa ndani yetu haki inayokubalika mbele za Mungu, wala kumcha, wala kumwamini. Kila aliyepata kipaimara aliwahi kusimama mbele ya usharika akatamka, katika maelezo ya Katekisimu Ndogo ya Luther juu ya fungu la tatu la Imani, kwamba hawezi kwa akili wala kwa nguvu zake mwenyewe kumwamini Yesu Kristo. Basi tunao uhuru wa kuchagua shamba, lakini hatuna uhuru wa kujiumbia moyo wa kulichagulia, na moyo ndio uliomwongoza Lutu kuhesabu maji bila kuuliza habari za majirani. Maandiko yanaleta habari hiyo mara tu baada ya kuchagua kwake: watu wa Sodoma walikuwa wabaya.

Sasa tufuate nyayo zake polepole, kwa maana hapa ndipo moyo wangu ulipokwama. Lutu hakuchagua Sodoma. Alichagua bonde. Katika sura ya 13 anajongeza hema yake mpaka kufikia karibu na Sodoma, naye bado ni mtu wa hema, anayeweza kuing’oa asubuhi na kuondoka. Katika sura ya 14 wafalme wanaupiga mji na kumchukua mateka, na sababu inayotolewa ni fupi sana: alikuwa akikaa Sodoma. Abramu anawakusanya watu wake 318, anafuatia usiku, anamrudisha yeye na mali zake na watu wake. Pale Lutu alipewa kuchagua mara ya pili, na safari hii alijua vizuri gharama ya bonde lile. Tunamkuta wapi baada ya hapo? Sura ya 19 inafunguka jioni, naye ameketi langoni pa mji, mahali pa wenyeji na wenye neno. Binti zake wamekwisha kuposwa na vijana wa pale. Usiku ule anapowaambia wakwe zake watoke kwa kuwa mji utaangamizwa, wanamwona kama mtu anayefanya mzaha. Na alfajiri, malaika wanapomhimiza, yeye mwenyewe anakawia.

Mtu aliyekuwa na nchi yote mbele yake amefikia mahali ambapo hawezi kuinuka na kutoka nje ya lango. Hakuna aliyemfunga kamba. Kila hatua aliichagua, na kila aliyoichagua ilimpunguzia upana wa ile iliyofuata. Ndugu zangu, mpaka tunaopaswa kuuogopa kuliko ule wa amri za Mungu ni huu tunaojijengea wenyewe huku tukisema kwamba tuko huru. Vijana wetu wana neno lao siku hizi: ukimgusa mmoja kuhusu marafiki zake au kuhusu kubeti, anakujibu, “Ni maisha yangu.” Ni kweli, mwanangu, ni maisha yako, wala hakuna atakayekushika miguu. Lakini anayeanza na mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa shilingi mia tano kwa hiari yake, baadaye anabeti kwa ada ya chuo, na siku hiyo ukimwambia aache anakutazama kwa machozi, kwa sababu kuacha si jambo analoweza tena kuliamua peke yake. Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa na msemo wa namna hiyohiyo, kwamba vitu vyote ni halali, akaongeza kwamba yeye hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote.

Na sisi wazazi tusicheke, kwa kuwa kemeo hili linatuhusu zaidi. Mama anachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili sare ya harusi isimpite, anachukua wa pili kulipa marejesho ya wa kwanza, na vyombo vinapobebwa na wakopeshaji mbele ya majirani tunakaa sebuleni kwake tukimfariji kwa kusema, “Mungu ndiye aliyepanga.” Baba anampeleka binti kwa mwenye mahari nono bila kuuliza tabia ya kijana, na ndoa inapovunjika anasema ni majaribu. Yakobo amekataza mtu kusema kwamba anajaribiwa na Mungu, akaeleza kwamba kila mmoja hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe. Tunamwamini Mungu anayeongoza hatua zetu, lakini tumegeuza imani hiyo kuwa kabati la kufichia maamuzi yetu, tukiyafungia humo mabaya yote kwa jina la mapenzi ya Mungu, huku mazuri tukiyaita juhudi zetu. Acheni hayo. Ni kumsingizia Bwana.

Huenda anayesoma haya yuko tayari ndani ya lango la Sodoma, na maneno yangu mpaka hapa yamemwongezea uzito tu. Nataka nikae naye kidogo. Lutu alipokawia, malaika hawakumwacha aone matokeo ya uchaguzi wake, ingawa alikuwa ameonywa na haki ilikuwa upande wao. Walimshika mkono, na mkewe, na binti zake wawili, wakawatoa nje ya mji, na Maandiko yanataja sababu: Bwana alimhurumia. Hakuchagua kutoka, alitolewa. Hata alipokwisha kutolewa aliomba asipelekwe mlimani, aruhusiwe kukimbilia mji mdogo wa Soari, na ombi lake likakubaliwa. Mungu anayeheshimu uchaguzi wetu kiasi cha kutuacha tuende bondeni ni huyohuyo asiyekubali uchaguzi huo uwe na neno la mwisho juu yetu, na ndiyo maana Paulo anathubutu kuwaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, kisha anawaambia kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Ukiona leo umeanza kutamani kutoka, hata kwa tamaa dhaifu yenye kusitasita, jua kwamba mkono umekwisha kukushika.

Kwa habari ya Abramu nitasema kidogo. Yeye alikuwa na haki ya kuchagua akaiachia, na baada ya Lutu kwenda zake ndipo Bwana alipomwambia, “Inua sasa macho yako,” akamwonyesha kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Wagalatia 5:13 inatuambia kwamba tuliitwa tupate uhuru, tukatumikiane kwa upendo. Sidhani kwamba kila mzaliwa wa kwanza anatakiwa kuchukua kipande cha mawe, na nyumba nyingine ugomvi huanza kwa kaka aliyejifanya mwema mno. Lakini vikao vyetu vingi vya ukoo huanza na kumalizika bila dada zetu kuitwa, kana kwamba Hesabu 27 na binti za Selofehadi, walioomba urithi wa baba yao wakapewa, hazimo katika Biblia tunayoibeba kila Jumapili, na hilo nitalisema kikaoni kabla sijagusa habari ya kipande changu.

Juma hili tusome Mwanzo 13, 14 na 19 kwa mfuatano nyumbani, kwa sauti, watoto wakiwepo, na tuwaache wao waseme ni wapi Lutu angeweza kugeuka. Na aliyebanwa na mkopo au na kubeti asisubiri mpaka vyombo vibebwe. Amwone mzee wa kanisa wa mtaa wake sasa, hata usiku, tuketi na hesabu zake mezani, na kama kuna wa kwenda kuzungumza naye tutakwenda pamoja.